Mume wangu anafanya kazi ya mionzi: je, anaweza kuileta nyumbani kwa nguo na mwili wake?

#1 MamaNuru

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa miezi kadhaa.

Mume wangu hupiga picha za mionzi za viwandani. Hukagua maungio ya mabomba na matangi yaliyochomelewa, akitumia chanzo cha iridiamu-192 kinachokaa ndani ya kifaa ambacho wao wanakiita kamera. Kazi yenyewe hufanyika zaidi usiku, wafanyakazi wengine wakiwa wameshaondoka. Tangu aianze miaka mitatu iliyopita ana desturi ambayo mwanzoni niliidhania ni usafi tu: hampakati mtoto kabla ya kuoga, buti zake hulala nje ya mlango, na nguo zake za kazi hufuliwa peke yake katika beseni la bluu ambalo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuligusa.

Mwaka jana mimba yangu iliharibika ikiwa na wiki kumi, na mwezi wa pili mwaka huu ikaharibika nyingine. Mtoto wetu wa miaka minne ametokwa na damu puani mara tano tangu mvua zikatike. Mama yangu mzazi alikuja kuniuguza, akaliona lile beseni, akauliza, nami nikamweleza. Tangu siku hiyo hakunywa maji kwa kikombe cha nyumbani kwangu mpaka alipoondoka.

Wiki iliyopita, nikikagua mifuko kabla ya kufua, nilikuta karatasi ya majibu ya beji yake ya kupimia mionzi. Robo tatu za mwanzo zilikuwa chini ya milisiveti (kizio cha kupimia mionzi inayompata mtu) 0.5 kila moja, lakini robo ya mwisho imeandikwa 4.1. Nilipomuuliza alinijibu kwamba beji ilisahaulika kwenye gari, kisha akageukia ukutani.

Nina maswali mawili. Je, mionzi inaweza kufika nyumbani kwa nguo, jasho au kwa mume na mke kukutana? Na je, hiyo 4.1 ni nyingi?

#2 FundiEksirei

Pole sana dada. Nimefanya kazi katika chumba cha eksirei cha hospitali ya wilaya kwa miaka kumi na tisa, nina watoto wanne wazima wa afya, na jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Kuna vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kuna kupigwa na mionzi, na kuna kuchafuliwa na vitu vinavyotoa mionzi. Kupigwa na mionzi ni kama kumulikwa na taa: taa ikizimwa, hubaki na mwanga mwilini, wala humpelekei mkeo mwanga nyumbani. Kuchafuliwa ni kama kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga: unarudi na unga kwenye nywele, kwenye kola na ndani ya viatu, na mtoto akikukumbatia unga unahamia kwake. Kazi ya mumeo ni ya taa. Iridiamu yake ni vipande vya metali vilivyofungwa ndani ya kidonge cha chuma, na mionzi yake ya gama haifanyi nguo, buti wala jasho kuwa na mionzi.

Kuhusu 4.1, kiwango cha mfanyakazi kinachokubalika kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ukipigwa kwa miaka mitano, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa hiyo hajavunja kiwango.

#3 Shangazi_Bahati

Mimi si mtaalamu, ila nauliza kwa moyo safi: kama ni taa, kwa nini mwanaume huyo anaoga kabla ya kumshika mwanawe? Mtu anayeijua kazi yake haogopi bure.

#4 Kipenyo72

Nimestaafu kazi hiyohiyo anayoifanya mume wa mtoa mada, kwa hiyo naomba nimrekebishe kidogo ndugu yangu FundiEksirei, ambaye amesema vizuri lakini anaongea kwa uzoefu wa eksirei ya hospitali. Mashine yake ikichomolewa umeme, mionzi imekwisha. Kamera yetu haina swichi. Chanzo kinatoa mionzi mchana na usiku, na kinachotulinda ni ile ngao iliyokizunguka. Chanzo kipya chenye nguvu kikiwa nje ya ngao, mtu akisimama mita moja kutoka hapo anaweza kumaliza kiwango chake cha mwaka mzima kwa dakika chache tu. Ndiyo sababu tunatumia kebo ndefu, na ndiyo sababu tunafanya kazi usiku.

La pili ni kwamba "haiwezekani" ni neno kubwa. Ngao ya kamera nyingi hutengenezwa kwa urani hafifu, kwa sababu ni nzito kuliko madini ya risasi. Ndani ya ngao hiyo kuna mrija ambamo chanzo hupita kikitoka na kurudi. Mrija ukilika kwa miaka mingi ya matumizi, chembe za ile urani zinaweza kuanza kutoka na kushika kwenye kebo na kwenye mikono. Vilevile kidonge chenyewe kinaweza kupata ufa. Kwa ajili hiyo kuna kipimo cha uvujaji: unapangusa sehemu maalumu kwa kitambaa, kitambaa kinapelekwa maabara, na kikizidi bekereli 185 (kizio cha kupimia nguvu ya chanzo) kifaa kinaondolewa kazini. Kwa hiyo ni taa, naam, lakini ni taa ambayo mtu anapaswa kuipangusa na kuikagua kwamba haimwagi unga.

Namjibu Shangazi: huenda anaoga kwa sababu ya vumbi la chuma, grisi na dawa za kusafishia filamu. Nilioga hivyohivyo miaka yote, na sikuwahi kumweleza mke wangu sababu, jambo ambalo leo naliona lilikuwa kosa.

#5 FundiEksirei

Nakubali marekebisho ya Kipenyo72. Habari ya ngao ya urani sikuijua.

#6 MzeeTabasamu

Mimi nilikuwa dereva wa kituo kimoja cha tiba, na sisi tulikuwa tukipewa maziwa kila wiki kwa ajili ya kuondoa mionzi mwilini. MamaNuru, mpe shemeji yetu nusu lita kila akirudi. Pia nakuuliza, watoto wako ni wa kike? Wapiga picha wote niliowafahamu walizaa mabinti watupu.

#7 FundiEksirei

Mzee wangu, shikamoo. Wangu wanne ni wavulana watatu na msichana mmoja, sasa sijui utaniweka fungu gani. Maziwa ni chakula kizuri, na wapo wenzetu walioyapigania kama haki yao kazini, lakini mionzi ya gama iliyokwisha kupita mwilini haipo tena, na hakuna kinywaji cha kuiondoa. Ubaya wa ile imani ni kwamba niliwaona watu waliokunywa maziwa yao kisha wakaiacha aproni ya risasi ukutani.

#8 MzeeTabasamu

Marahaba. Ya mabinti nimeyaacha, lakini maziwa siyaachi.

#9 Mjukuu_wa_Likasi

Natokea Katanga, Kongo, na mfano wa taa na unga umenigusa, kwa kuwa kwetu ni unga mtupu. Karibu na Likasi kuna mgodi wa Shinkolobwe, ambamo ilitoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Wabelgiji waliuziba kwa zege, lakini miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walirudi pale kutafuta kobalti. Serikali iliupiga marufuku uchimbaji huo mwanzoni mwa 2004, na mwezi wa saba mwaka huohuo mashimo yakaporomoka na kuua watu.

Mjomba wangu alichimba pale. Alirudi nyumbani na nguo zilezile, vumbi lilelile, akakaa mkekani na watoto. Mawe mazuri yenye rangi ya kijani na njano aliyaweka dirishani kama pambo, nasi tukayachezea. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Wengine katika ukoo walisema ni kifua kikuu, wengine mawe, na wengine walitaja mambo ambayo sitayaandika hapa. Hakuna aliyempima, wala hakuna aliyepima nyumba. Ninachomwambia MamaNuru ni kwamba beseni la bluu la mumeo ni kitu ambacho shangazi yangu angekipokea kwa mikono miwili.

#10 BombaLaJangwani

Mjukuu wa Likasi amenikumbusha jambo ambalo wenzangu walioko Ghuba wanalijua. Nilifanya kazi Oman, katika visima vya mafuta, nikisafisha mabomba. Maji yanayotoka ardhini pamoja na mafuta hubeba radiamu, madini ya asili yanayotoa mionzi, na radiamu hiyo hugandamana ndani ya bomba pamoja na chumvi, kama ukoko kwenye sufuria ya ubwabwa. Unapoukwangua ukoko huo ukiwa mkavu, unatoa vumbi ambalo mtu analivuta na kulibeba kwenye nguo. Radiamu-226 inahitaji miaka 1,600 kupungua nusu. Tulipewa nguo za kuvaa mara moja, barakoa, na mlangoni kulikuwa na mtu wa kutupima mikono na soli za viatu.

Kwa hiyo, dada MamaNuru, muulize mumeo kama mabomba anayoyakagua ni mapya au ya zamani. Kama ni ya zamani yaliyowahi kupitisha mafuta au gesi, hoja ya kwamba kazi yake ni ya taa peke yake haitoshi.

#11 MamaNuru

Asanteni. Ninavyojua mabomba ni mapya, lakini kabla ya hapo kulikuwa na kazi ya matangi ya zamani kwa miezi miwili. Matangi ya nini, sijui. Hiyo ndiyo robo iliyotoa 4.1.

#12 Kipenyo72

Naomba tusichanganye. Beji ya kifuani hupima mionzi iliyoipiga. Mtu anaweza kuvuta vumbi lenye radiamu na beji isiseme kitu. Kwa hiyo kama robo ile ilikuwa na matangi na ikatoa 4.1, vumbi la matangi si maelezo ya namba hiyo. Naona maelezo manne. La kwanza, beji iliachwa kwenye gari karibu na kamera, kama anavyosema. Kamera iliyofungwa nayo hutoa mionzi kidogo. Kanuni za usafirishaji zinaruhusu hadi milisiveti 2 kwa saa usoni mwa kifurushi, kwa hiyo beji iliyolala siku kadhaa jirani na kamera inaweza kuandika 4.1 bila mwanadamu yeyote kuguswa. La pili, aliivaa, na kuna usiku ambao chanzo hakikurudi vizuri ndani ya ngao akakisogelea. La tatu, matangi yalikuwa na picha nyingi na nafasi finyu, na kipimo kikapanda kidogokidogo bila ajali. La nne, mwenzake aliivaa beji yake. Msishangae, niliwahi kuliona hilo kwa macho yangu.

#13 Shangazi_Bahati

Kwa hiyo hata wewe hujui.

#14 Kipenyo72

Sijui, dada, na beji peke yake haiwezi kuniambia.

#15 NesiWaKaskazini

Salamu kutoka Uingereza. Naishi mwendo wa saa moja hivi kutoka Sellafield, na hofu ya MamaNuru ina historia ndefu huku. Katika kijiji cha Seascale, jirani na kiwanda kile cha nyuklia, watoto walipata saratani ya damu kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1990 profesa Martin Gardner alichapisha utafiti uliohusisha ugonjwa huo na baba waliopokea mionzi mingi kazini kabla ya mimba kutungwa, hasa waliofikisha jumla ya milisiveti 100 na zaidi. Hebu fikirieni nyumba za wafanyakazi wale zilivyokuwa wiki ile. Wapo wanaume walioambiwa waziwazi kwamba wao ndio waliowaua watoto wao.

Baadaye wengine walichunguza mahali pengine na hawakuupata uhusiano huo. Familia mbili zilikwenda mahakamani, na mwaka 1993 zikashindwa. Mtafiti Leo Kinlen alikuwa mmoja wa waliosema kwamba sababu inaweza kuwa maambukizi ya virusi yaliyoletwa na wageni wengi kuhamia sehemu ya vijijini, na wengine bado hawajaridhika. Watoto wa manusura wa Hiroshima na Nagasaki, makumi ya maelfu yao, wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na haijaonekana kwamba mionzi iliyowapiga wazazi kabla ya mimba iliwaletea wao kasoro za kurithi. Hilo halimaanishi kwamba mtoto aliye tumboni mionzi inapopita yuko salama: waliokuwa tumboni kati ya wiki ya 8 na ya 15 waliathirika ubongo. Lakini hapo ni mama mwenyewe aliyepigwa na mionzi, na MamaNuru hakuwahi kukaribia kamera.

#16 Ukuta_wa_Risasi

NesiWaKaskazini ameandika vizuri, na niongeze kisa changu. Nilikuwa mjamzito nikiwa kazini katika chumba cha eksirei. Sheria za kinga zinataka mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisiveti 1 kwa muda uliobaki wa ujauzito baada ya mama kutoa taarifa, na msimamizi wangu alinihamishia mapokezi siku ileile nilipomwambia. Mama mkwe hakuelewa. Alisema damu ya ukoo wao imekwisha kuunguzwa, akaitisha kikao, na mume wangu akakaa kimya mbele ya wazee. Mtoto alizaliwa salama, sasa yuko darasa la tano, lakini kila akiugua homa simu ya kwanza inayoingia ni ya bibi yake, na swali ni lilelile.

MamaNuru, usiiache mimba iliyoharibika ibebe jina la mionzi kabla hujapimwa. Kati ya mimba zinazojulikana, moja hadi mbili katika kila kumi huharibika, na nyingi ni kwa hitilafu zinazotokea zenyewe wakati wa kutungwa. Zikiwa mbili mfululizo, ni haki yako kuchunguzwa: tezi ya shingo, sukari, kaswende, mfuko wa uzazi, malaria kama unaishi penye malaria.

#17 Shangazi_Bahati

Ukuta wa Risasi, nakupa pole. Lakini hilo la mumeo kukaa kimya limenikumbusha lile la mume wa MamaNuru kugeukia ukutani. Nadhani hawa wanaume wamebeba hofu ileile tuliyo nayo, ila hawana wa kumwambia.

#18 PwaniMrima

Hiyo damu puani nayo isisahauliwe. Mtoa mada amesema ilianza mvua zilipokatika. Hewa kavu, vumbi na kidole cha mtoto wa miaka minne hutosha kabisa. Mionzi ya kumtoa mtu damu puani ni ile inayouharibu uboho wa mifupa, na mtu huyo angekuwa amelazwa na hali mbaya.

Mimi ni wa Kwale, karibu na kilima cha Mrima, ambacho udongo wake una thoriamu nyingi na mionzi ya asili kuliko sehemu nyingi za Kenya. Wazee wetu wamelima na kuzika pale. Siku watafiti walipofika na vipimo vyao ndipo hofu ilipoingia kijijini, na tangu hapo kila ugonjwa una mwenyewe.

#19 Mjukuu_wa_Likasi

PwaniMrima, naheshimu maneno yako, lakini wazee kulima pale na kuzikwa pale hakuthibitishi kwamba hawakudhurika. Mjomba wangu naye alizikwa bila mtu kujua.

#20 PwaniMrima

Ni kweli. Sikusema kwamba hakuna madhara. Nimesema hofu ilikuja siku moja, na vipimo vya afya mpaka leo sijaviona.

#21 DadaWaIodini

Nisomeni na mimi, kwa kuwa nyumbani kwetu mionzi iliingia kweli, na kwa idhini ya daktari. Dada yangu alitibiwa tezi ya shingo kwa iodini-131 katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Iodini hiyo humezwa, hubaki mwilini, na hutoka kwa mkojo, jasho na mate. Hapa mfano wa FundiEksirei unageuka: mgonjwa mwenyewe ni taa na ni unga kwa wakati mmoja. Tuliambiwa alale peke yake, avute maji ya choo mara mbili, vyombo na taulo viwe vyake, asipakate mtoto kwa siku walizotuandikia. Iodini-131 hupungua nusu kila siku nane, hivyo baada ya muda yakaisha.

Lililoniuma si masharti. Siku zilipokwisha na daktari akaturuhusu, majirani walikuwa bado hawapokei chakula kutoka mikononi mwake. Ilichukua mwaka. Mwanawe mdogo aliendelea kumwita mama akiwa mlangoni, bila kuingia, kwa sababu tulimzoesha.

#22 Msimamizi_Kinga

Nimeusoma uzi wote. Kazi yangu ni usimamizi wa kinga ya mionzi, ingawa si katika kampuni ya aina hiyo. Hofu ya familia si ujinga. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, waokota vyuma walitoa chanzo cha sisiamu-137 katika kliniki iliyoachwa, wakakipasua, na ule unga uliokuwa uking'aa buluu gizani ukapitishwa nyumba hadi nyumba kama zawadi. Mtoto wa kike wa miaka sita aliuchezea na kula kwa mikono yenye unga. Watu wanne walikufa, akiwemo yeye, na watu zaidi ya 112,000 walipangwa foleni kupimwa, ambapo 249 walikutwa wamechafuliwa. Siku ya mazishi ya mtoto yule wananchi walirusha mawe kwa kuhofia makaburi yao. Kwa hiyo anayesema familia zinaogopa kivuli hajui historia.

Lakini ule ulikuwa unga uliopasuliwa. Hapa tuna chanzo kilichofungwa, na njia ya kupata uhakika ipo. Tanzania tuna Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ambayo hutoa leseni kwa wenye vyanzo, huvikagua na hupima beji za wafanyakazi. Mfanyakazi ana haki ya kuona rekodi zake zote. MamaNuru, mumeo aombe mambo matatu kwa mwajiri: rekodi ya beji tangu alipoanza, majibu ya mwisho ya kipimo cha uvujaji cha kamera, na maelezo ya maandishi ya uchunguzi wa ile 4.1. Kipimo kinachoruka zaidi ya mara nane ya robo nyingine, hata kama kiko chini ya kiwango, kilipaswa kuulizwa na msimamizi wa kinga kabla ya mke kukikuta mfukoni.

Na lile beseni lipimwe. Mtu mwenye kipima uchafuzi cha mkononi analipitishia beseni, buti na koti kwa dakika kumi, na mnajua.

#23 Shangazi_Bahati

Hili la kupima beseni ndilo nililokuwa nikilisubiri tangu chapisho la tatu.

#24 BombaLaJangwani

Naunga mkono, ila mpimaji achague kifaa kinachofaa. Kipima gama cha kawaida kinaweza kupita juu ya vumbi la urani na kisione kitu.

#25 Kipenyo72

Sahihi. Nami nina swali moja kwa MamaNuru, na naomba ulijibu bila kumwogopa mtu: akiwa nyumbani, beji hukaa wapi?

#26 MamaNuru

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kliniki. Beji hukaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala, imebanwa kwenye koti. Iko pale kila ninapofungua macho asubuhi.

Jana usiku niliyasoma majibu yenu kwa sauti, naye akiwa amekaa kitandani. Nilipofika alipoandika Kipenyo72 kwamba hakuwahi kumweleza mkewe kwa nini anaoga, aliniomba niache kusoma kwanza. Amesema anaoga kwa sababu siku ya kwanza kazini mzee mmoja alimwambia "usiwapelekee watoto", na hakuwahi kuuliza asiwapelekee nini. Kuhusu gari, ameshikilia maneno yaleyale, ila ameongeza kwamba kwenye yale matangi kulikuwa na usiku mmoja ambapo kebo ilikwama na wao wawili wakasogea kuinyoosha. Hajui kama beji alikuwa nayo kifuani au ilikuwa garini.

#27 FundiEksirei

Mungu awape subira. Na mkono wake? Kama chanzo kilikuwa nje na wakaisogelea kebo, kifua kinaweza kupata kidogo na vidole vikapata kingi.

#28 MamaNuru

Nimeitazama mikono yote miwili asubuhi hii, kwenye mwanga wa dirishani. Hakuna wekundu wala ngozi iliyobabuka, na anasema haikuwahi kuwepo.

#29 Msimamizi_Kinga

Hiyo ni habari njema, ingawa dozi ndogo haiachi alama. Sasa huyo mwenzake ndiye ufunguo. Walikuwa wawili mahali pamoja usiku uleule. Kama beji ya mwenzake robo ile nayo imepanda, ni kebo. Kama imebaki chini, maelezo ya gari yanapata nguvu.

#30 Kipenyo72

Kama mwenzake naye aliivaa. Narudia nilichokiandika awali, kwamba nimeona beji zikikaa kwenye droo.

#31 MamaNuru

Nimemuuliza. Mwenzake aliacha kazi mwezi wa tisa akarudi kwao, na namba ya simu aliyokuwa akiitumia haipatikani. Mume wangu ameandika barua ya kuomba rekodi kama alivyoelekeza Msimamizi_Kinga, tumeichapisha leo, na Jumatatu ataipeleka kwa mkono. Mimi nimechukuliwa damu kwa vipimo alivyovitaja Ukuta_wa_Risasi, majibu ni wiki ijayo. Mtoto daktari amemtazama pua, amempa mafuta ya kupaka.

Beseni nimelifunga kwenye mfuko pamoja na buti na koti, nimeviweka stoo mpaka apatikane mwenye kifaa. Mama yangu nimempigia simu, nimemsomea ile ya taa na unga. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa yeye ni kipi?" Nimemwambia tutajua.

#32 Shangazi_Bahati

Tunasubiri majibu, mwanangu. Usituache hewani.